Miaka saba na mfuko mmoja wa kupumulia: naupa nyota nne

Nianze na mikono yangu, maana ndiyo itakayokuambia kama tathmini hii inakufaa. Ni midogo. Navaa glavu za saizi ndogo na bado ncha za vidole zinabaki tupu. Nimesoma maelezo mengi ya wauzaji yanayodai kwamba mfuko wa kupumulia wa mtu mzima "unabanwa kwa mkono mmoja bila taabu", na kila mara nawaza kwamba aliyeandika ana kiganja kama koleo. Mimi huu wangu nimeubana kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, kwa mkono na paja, na usiku mmoja kwa mkono na ubavu wa machela gari likikata kona. Kwa hiyo ukiwa na mikono kama yangu, soma. Mwenye koleo naye asome, kuna sehemu inamhusu kuliko mimi.

Kazi yangu ni mhudumu wa dharura kwenye gari la wagonjwa. Nakaa nyuma, upande wa kichwa. Mfuko ninaouzungumzia ni ule wa silikoni unaooshwa na kutumika tena, si ule wa plastiki wa kutumia mara moja na kutupa. Ujazo wake ni lita moja na nusu hivi. Ukiubana hewa inakwenda kwa mgonjwa, ukiuachia unajifumua wenyewe na kuvuta hewa nyingine. Mbele una vali, mbele ya vali barakoa, na nyuma kuna mrija wa oksijeni na kifuko cha akiba. Kazini tunauita ambu, hata kama haukutoka kwenye kampuni yenye jina hilo. Chapa ya wangu siitaji, kwa kuwa mifuko ya aina hii inafanana sana na nitakayoyasema yanahusu karibu yote.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hauhitaji kitu. Betri zikiisha unafanya kazi. Mtungi wa oksijeni ukiisha unafanya kazi vilevile, ila sasa unampa mgonjwa hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21 tu badala ya ile inayokaribia 100 unayoipata ukiunganisha mtungi na kifuko cha akiba kimejaa. Hilo la kujifumua wenyewe tunaliona dogo leo, lakini halikuwepo zamani. Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza, polio, ulipofurika Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alianza kuwapa wagonjwa pumzi kwa mfuko wa mpira kupitia tundu lililotobolewa kooni, na kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubana mifuko hiyo kwa mkono, usiku na mchana. Mifuko yao ilitegemea gesi ya mtungi. Miaka minne baadaye, 1956, daktari Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse, hukohuko Denmark, wakatoa mfuko unaojifumua wenyewe. Kwenye jaribio la mwanzo Ruben alitumia spoku za baiskeli ndani ya mfuko ili urudi kwenye umbo lake. Nikikaa na mgonjwa njiani huwa nawafikiria wanafunzi wale. Zamu yangu ndefu kabisa ya kubana ilikuwa chini ya saa moja na nilishindwa kufungua chupa ya maji baadaye.

Sasa utumiaji. Ugumu wa kifaa hiki hauko kwenye mfuko, uko kwenye barakoa. Kidole gumba na cha shahada vinatengeneza herufi C juu ya barakoa, vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya, na unauinua uso uje kwenye barakoa. Anayeanza kazi hufanya kinyume: anaikandamiza barakoa usoni kama anayeziba tundu la bomba, kidevu kinashuka, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inajifunga, kisha anashangaa kifua hakipandi. Kwa mkono mdogo, kushika taya na kuziba kingo za barakoa kwa pamoja ni kazi ya dakika mbili tu kabla vidole havijaanza kutetemeka. Dawa yake ni watu wawili. Mmoja anashika barakoa kwa mikono yote miwili, mwingine anabana. Tukiwa wawili sijawahi kushindwa. Nikiwa peke yangu nimeshindwa, na sitaona haya kulisema.

Wenye koleo, hapa ndipo penu. Lita moja na nusu ni hewa nyingi mno. Mtu mzima anahitaji nusu lita, kifua kipande kidogo tu kama mtu aliyelala, halafu unasubiri. Kama mapigo yapo lakini pumzi hakuna, ni mbano mmoja kila sekunde sita, yaani kumi kwa dakika. Ukiisoma karatasini inaonekana rahisi. Kaa sasa na mgonjwa wa bluu mbele yako, ndugu zake wakipiga kelele na moyo wako mwenyewe ukienda mbio, uone kama sekunde sita zinafika. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wahudumu waliokuwa wakifufua watu waliosimama moyo, na wastani wao ulikuwa kama mbano 30 kwa dakika. Hao ni watu wenye mafunzo. Hewa ikizidi inaingia tumboni, tumbo linarudisha matapishi, na kifua kilichojaa muda wote kinazuia damu kurudi kwenye moyo. Kiganja kikubwa kinaumaliza mfuko wote kwa mbano mmoja bila kujua. Changu hakiwezi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii naona udogo wake ni faida. Kuna vituo siku hizi vinatumia makusudi mfuko wa lita moja hivi kwa watu wazima ili kuwapunguzia watu pupa.

Kabla sijafika kwenye sababu halisi ya kuupenda, nieleze kitu kimoja kidogo. Ndani ya kidude cha vali, kwa kuwa kinaonyesha, utaona kijimdomo cha mpira cha rangi ya njano, umbo lake kama mdomo wa bata. Ukibana kinafunguka. Ukiachia kinajifunga ili pumzi ya mgonjwa isirudi mfukoni, itoke pembeni. Kikose hicho, una mpira wa kuchezea tu.

Tulimkuta kijana sakafuni bafuni, miguu imezuia mlango. Midomo ya kijivu, mboni za macho zimebana kama ncha ya kalamu. Anavuta pumzi moja, kisha unangoja hadi unaanza kuamini hakuna nyingine, ndipo inakuja. Nilihesabu nne kwa dakika. Dawa ya kuzimua afyuni, naloxone, ilikuwa mkobani, na mwanafunzi tuliyekuwa naye aliikimbilia hiyo kwanza, kama tulivyofanya wote enzi zetu. Lakini mtu aliyezidisha afyuni kama huyu anauawa na kukosa hewa, na hewa ulikuwa nayo mkononi tangu ulipoingia mlangoni. Mwenzangu akashika taya kwa mikono miwili. Mimi nikabana, nikahesabu hadi sita, nikabana. Kifua kinapanda, kinashuka. Mwanafunzi akaambiwa sasa ndiyo, mpe dawa, polepole.

Mfuko ulikuwa mlaini muda wote ule. Kisha ukagoma. Kidogo tu, kama vile mtu aliye upande wa pili wa pazia amekusukuma kiganja. Kijana alikuwa anatoa pumzi yake wakati mimi nampa ya kwangu, zikakutana njiani. Nikaacha kubana. Nikatazama kile kijimdomo cha njano: kikafunguka chenyewe, kikajifunga, kikafunguka tena. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Mashine zilikuwa bado hazijasema lolote. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni huchelewa, namba unayoisoma mara nyingi ni habari ya nusu dakika iliyopita. Mimi nilijua kabla yake, kabla ya ndugu zake na kabla ya yeye mwenyewe. Alipofumbua macho akatutukana na kutaka kujua nani kamkata fulana. Ni mimi. Nilimwambia pole, na nilikuwa najisikia kama niliyepokea mshahara wa mwaka mzima kupitia kiganja.

Watu wakisikia kazi yangu huuliza kama wagonjwa hurudi kushukuru. Ni nadra mno. Wengi tunawakabidhi mlangoni wakiwa hawajitambui, wodini wanaamka na kumwona daktari na muuguzi, na shukrani, kwa haki kabisa, zinaishia huko. Sisi hatujui hata kama aliishi. Unaandika fomu, unafuta machela, unaitwa tena. Ukiingia kazi hii ukitegemea malipo ya namna hiyo utachoka mwaka wa pili. Ndiyo maana nakisifu kifaa kinacholipa papo hapo. Mashine ya kushtua moyo ni ya maana kuliko mfuko huu kwa mgonjwa anayeihitaji, sibishi, lakini unabonyeza kitufe na kurudi nyuma, umekatazwa hata kumgusa. Sindano unaichoma, kisha unatazama skrini. Mfuko peke yake ndio unaokuunganisha na pafu la mtu kiasi kwamba pafu hilo likibadilika unalisikia kwenye vidole. Mwenye pumu unamsikia: mfuko unakuwa mzito, kama unabana unga, na inabidi umpe muda mrefu wa kutoa hewa. Maji mapafuni unayasikia. Barakoa ikivuja unasikia wepesi usio wa kawaida, wepesi mbaya.

Mfuko wa mtoto mchanga unauzwa peke yake, na ninaushauri ununuliwe siku ileile, usiahirishwe. Ujazo wake ni robo lita hivi na hata huo ni mwingi: pumzi ya mtoto wa kilo tatu haifiki vijiko vinne vya chai. Unaubana kwa vidole viwili na gumba. Nilihitaji wangu mara ya kwanza gari likiwa limeegeshwa kando ya barabara, mama amejifungua kabla hatujafika, mtoto wa kike, mlegevu, kimya. Tukamkausha, tukamsugua mgongo, kimya. Kwa mtoto mchanga karibu kila kitu ni hewa. Moyo wake unazorota kwa sababu hapumui, na akipewa pumzi mara nyingi moyo unajirekebisha wenyewe. Kwa hiyo ndani ya dakika ile ya kwanza unapaswa uwe umeanza. Kichwa nikakiweka katikati, si kukikunja wala kukirudisha nyuma, kama mtu anayenusa ua. Barakoa ya mviringo kubwa kama kifuniko cha chupa ya mdomo mpana. Bana, mbili, tatu. Bana, mbili, tatu. Dereva wetu, ambaye siku zote hujidai hajui tiba, alishika kamba ya kitovu karibu na tumbo la mtoto kwa vidole viwili na kunigongea mapigo kwenye ubao wa machela kwa mkono wa pili ili nisikie bila kutazama. Tok. Tok. Tok. Kisha tok-tok-tok-tok, haraka kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Hapo sikuhisi mgomo mkubwa kama wa yule kijana, pafu lenyewe ni dogo. Nilihisi mkwaruzo, basi. Halafu akakunja uso na kulia, na kifua kikawa cha waridi wakati mikono na miguu bado ya bluu, ambayo ni kawaida. Mama yake akauliza, "Ndiye huyo?" kana kwamba kulikuwa na mtoto mwingine. Dereva akamjibu, "Ndiye, mama," na akatoka nje akasimama nyuma ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Na kuna siku mfuko haukugoma hata mara moja. Ilikuwa sebuleni kwa mzee mmoja, moyo umesimama, wenzangu wanapokezana kubonyeza kifua, mimi kichwani, pumzi mbili kila mabonyezo thelathini. Mlaini mwanzo, mlaini mwisho. Tulipoacha ndipo nilipogundua nimepigia magoti kwenye mto. Sikuuweka mimi. Mkewe alikuwa ameuchomeka chini ya magoti yangu wakati fulani kwenye ule mtafaruku, bila kusema neno, kwa kuwa sakafu ilikuwa ya vigae. Nilimrudishia. Akaupangusa kwa kiganja na kuurudisha mahali pake kwenye kiti. Sijui niuweke upande gani wa hesabu, lakini si upande wa hasara.

Lawama sasa, maana nyota moja haikuondoka bure.

Kuosha. Mfuko huu una vipande vingi kuliko unavyodhani, na kila kimoja lazima kitoke, kioshwe, kikaushwe, kipite kwenye mtambo wa kuchemsha kwa mvuke, kisha kirudi palepale. Karatasi ya maelekezo ina michoro midogo ya kuchosha macho. Mwaka wangu wa pili mfuko ulirudi kutoka kuoshwa ukiwa umeunganishwa vizuri kwa kuutazama, ila kile kijimdomo cha njano hakikuwemo. Nilikigundua nikiwa na mgonjwa. Nabana, nasikia hewa ikipuliza pembeni, kifua kimelala. Sekunde kumi hivi nikidhani tatizo ni barakoa, nikairekebisha mara mbili, kabla ya kutazama ndani ya kidude na kuona patupu. Tulichukua ile barakoa ndogo ya kupuliza kwa mdomo na kuendelea nayo mpaka gari la pili lilipofika. Sikumlaumu aliyeosha. Mimi ndiye niliyeupokea mfuko asubuhi ile na kuuweka mkobani bila kuujaribu, na kuujaribu kunachukua sekunde tatu: ziba tundu la mbele kwa kiganja, bana. Ukigoma, mzima. Ukinywea, una tatizo. Tangu siku hiyo naujaribu nikianza zamu na baada ya kila kuoshwa, na wenzangu wamezoea kunicheka.

Lawama ya pili ni barakoa iliyokuja nayo. Kwa nyuso za wastani inakaa vizuri. Kwa mwenye ndevu inavuja, ingawa ukizipaka ndevu jeli kidogo inashika. Kwa wazee waliopungukiwa meno mashavu yanaingia ndani na kingo zinaacha nafasi pande zote mbili. Kama ana meno ya bandia na yamekaa imara, yaache mdomoni wakati wa kubana, usiwe na haraka ya kuyatoa, yanashikilia umbo la uso. Ule mto wa hewa wa pembezoni mwa barakoa nao huisha upepo polepole, na haukuambii.

Madogo mengine: usiuhifadhi ukiwa umekunjwa au umekandamizwa chini ya mitungi, utabaki na kibonyeo na hautajaa sawasawa. Mfuko wa watoto una vali ya usalama inayotoa hewa shinikizo likizidi, jifunze ilipo kabla hujaihitaji. Silikoni imehimili vizuri, wangu umepauka kidogo na kunata vumbi, lakini haujapasuka, na asubuhi ya baridi bado ni laini wakati ile ya plastiki ya kutupa inakakamaa.

Nani anunue? Anayefanya kazi hii na mwenye mahali pa kuuosha inavyopaswa. Huna mtambo wa kuchemsha, chukua ya kutupa, usijidanganye na sabuni ya sinki. Asiye na mafunzo asinunue ili auweke nyumbani akidhani amejikinga. Ajifunze kubonyeza kifua kwanza, mikono anayo tayari.

Wangu uko mbele yangu sasa hivi, umeanikwa kwenye taulo tangu mchana. Umekauka. Nimerudisha kijimdomo, nimefunga kidude, nimeziba tundu kwa kiganja na kubana.

Umegoma.

Naurudisha mkobani, zamu inaanza saa moja.